Aliyevuka Bonde

Machi 3, Jumapili
Mvua ya kwanza imenyesha asubuhi na paa la jikoni limeanza kuvuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nimetega ndoo, nikakaa na kompyuta, nikafungua ukurasa wa Ba'mdogo katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuihariri. Damu imenichemka. Mistari sita! Mtu aliyekimbia siku arobaini na moja, mji hadi mji, ambulansi ikimfuata, watu wakipanga foleni kutoa damu kila alipotia mguu, anaandikiwa mistari sita, na miwili kati ya hiyo ina makosa ya tahajia. Bondia mmoja aliyepigana mara tatu na kupigwa mara tatu ana ukurasa mrefu kama mkeka.

Mimi ni mtaalamu wa maabara katika benki ya damu ya hospitali ileile aliyoikimbilia kuitafutia damu. Baba alipofariki nilikuwa na miaka saba, na Ba'mdogo, mdogo wake, ndiye aliyetuchukua mimi na Mama akatulea. Watu walimpa jina la Mkimbiza Damu. Mimi namwita Ba'mdogo na sioni jina kubwa kuliko hilo.

Nimejisajili. Waliuliza kama nina uhusiano na mtu ninayemwandika. Nimepaacha patupu. Ningejaza nini, kwamba ninampenda?

Machi 5
Aya mbili: kuzaliwa kwake, na udereva wake wa ambulansi kabla hajawa mkimbiaji. Mvua.

Machi 9, Jumamosi
Leo nimeandika sehemu ya bonde. Nimeiandika na kuifuta mara tano mpaka imekaa. Siku ya ishirini na saba mafuriko yalikuwa yamelijaza bonde, madereva wa malori wamegeuza, na yeye akaingia ndani ya maji na koti lake la mvua, akatoka upande wa pili siku ya thelathini. Nimeweka na picha ile maarufu: mgongo wa mkimbiaji, kofia ya koti imefunika kichwa, barabara imegeuka mto. Picha hiyo ilikuwa juu ya kitanda changu utoto wangu wote. Nilipoogopa mtihani, niliuangalia mgongo ule.

Sijawahi kuandika kitu kizuri kama aya hiyo. Nimeisoma kwa sauti jikoni. Mama alikuwa anachambua mboga, akasema ni nzuri, akaenda kumwaga maji ya ndoo wakati ndoo haijafika hata nusu.

Machi 10
Mtu ameongeza sentensi moja chini ya aya yangu: “Hakukimbia peke yake.” Hana akaunti, hana jina, ni tarakimu tu za mtandao alioutumia. Nimeifuta. Sababu niliyoandika: uharibifu.

Machi 12
Ameirudisha. Nimeifuta.

Machi 13
Ameirudisha. Nimeifuta. Mvua imekata umeme mara mbili, lakini yeye haikumzuia.

Machi 16
Nimemwandikia kwenye ukurasa wa majadiliano, na sikumung'unya maneno. Nimemwambia hii ni kamusi elezo, si kibaraza cha umbea. Nimemwambia kila neno hapa lina chanzo, gazeti au kitabu, na asiye na chanzo afunge mdomo. Nimemwambia kuna watu wasioweza kuona mti mrefu bila kutafuta shoka. Nilipomaliza nilijisikia vizuri sana.

Machi 20
Mganga Mkuu wa hospitali ameniita ofisini. Jengo jipya la benki ya damu litafunguliwa mvua zikiisha na litapewa jina la Ba'mdogo. Ukutani kutawekwa kibao cha jiwe chenye maelezo. Ameusoma ukurasa wa kamusi elezo, hajui nani kauandika, na anataka aya ya bonde ichongwe kama ilivyo. Nimesimama pale mbele ya meza yake nikimeza tabasamu kama mwizi.

Jioni nimempitia Ba'mdogo nikamwambia kila kitu. Akasema nimemwandika vizuri kuliko alivyo. Nikamwambia unyenyekevu nao una mpaka.

Machi 22
Sasa amezidi. “Hakukimbia peke yake. Bondeni hakuwepo.”

Hakuwepo! Nimemwandikia mkabidhi, yaani msimamizi wa kamusi, aufunge ukurasa. Nimemwambia kuna mtu mwenye kijicho anamchafua mzee aliyeokoa maisha ya watu.

Machi 23
Mkabidhi amejibu. Amekataa kufunga. Amemtaka yule mtu atoe chanzo, sawa, kisha amenigeukia mimi. Aya ya bonde chanzo chake nini? Nilikuwa nimetaja kijitabu cha maadhimisho ya miaka kumi. Amegundua kwamba maelezo yote ya kijitabu yalitoka kinywani mwa mkimbiaji mwenyewe. Anauliza: kuna mtu mwingine yeyote aliyemwona?

Nimefunga kompyuta kwa nguvu hadi kitufe kimoja kimeruka. Ni herufi ya H.

Machi 27
Jambo la ajabu. Leo mapumziko ya mchana nilitumia kompyuta ya chumba cha wafanyakazi kurekebisha tarehe moja, na nikasahau kuingia kwenye akaunti yangu. Badiliko langu limetokea chini ya tarakimu badala ya jina. Nimezitazama, nikazitazama tena. Ni zilezile. Adui yangu yumo ndani ya hospitali hii.

Machi 29
Sasa namshuku kila mtu. Mfamasia amenisalimia kwa uchangamfu nisiouelewa. Mlinzi wa getini ameniuliza habari za mzee, kwani ana shida gani na mzee? Nimekunywa chai peke yangu.

Aprili 4, Alhamisi
Nimempata, na natamani nisingempata.

Saa saba mchana nimeingia chumba cha wafanyakazi bila kubisha. Mvua ilikuwa inapiga mabati, hakunisikia. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, mgongo wima, akitafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja kilichochunika kwa sabuni. Mama Mashuka, dobi wetu. Mwanamke aliyefua mashuka ya hospitali hii tangu sijaanza shule, na ambaye hajawahi kumkosea mtu salamu. Mwaka huu wafanyakazi wote walifundishwa kompyuta, na nakumbuka tulicheka kidogo alipokuja na daftari lililofunikwa kwa gazeti.

Nikasoma juu ya bega lake: Hakukimbia peke

Nilimfokea. Naliandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye. Nilimfokea mwanamke anayelingana na Mama. Nilimuuliza mzee yule amemkosea nini. Nilimuuliza nani anamtuma.

Hakusimama. Alimalizia sentensi yake, akaweka nukta, ndipo akageuka.

“Kwa hiyo ni wewe unayenifuta,” akasema.

Nikasema ni mimi.

“Nilidhani ni mtu wa mbali. Mtu wa mbali ningemsamehe.”

Akanieleza, kwa sauti ileile anayotumia kuuliza kama vitanda vimekwisha kutandikwa. Miaka ishirini na miwili iliyopita mdogo wake wa kike alijifungua hapa, akavuja damu, na friji ya damu ilikuwa tupu. Dereva wa ambulansi, ndiye Ba'mdogo, ndiye aliyeusafirisha mwili kwenda kwao. Njiani waliongea. Mmoja alikuwa na mazoea ya kukimbia alfajiri, mwingine alikuwa amekulia kwenye vilima akikimbiza mbuzi. Wazo likazaliwa ndani ya gari lile, baina yao wawili na maiti. Walikimbia pamoja siku ishirini na sita. Magazeti yalipiga picha, yeye akawa anakatwa pembeni au anaandikwa msaidizi, na hakujali, kwa sababu foleni za damu zilikuwa ndefu.

Siku ya ishirini na saba Ba'mdogo alishikwa na homa kali, hakuweza hata kukaa. Miji ya ng'ambo ya bonde ilikuwa imeshatangaziwa na watu wanangoja. Mama Mashuka akavaa koti la mvua la Ba'mdogo, akavuta kofia, akaingia majini. Siku nne. Ba'mdogo alikuwa amelala ndani ya ambulansi nyuma. Aliyeiendesha alishakufa zamani.

“Ile picha,” nikasema.

“Tazama kisigino cha kushoto,” akasema. Kisha akachukua kikapu chake, kwa sababu kengele ya saa nane ilikuwa imelia na mashuka ya wodi ya wazazi yalikuwa yanangoja.

Nilimwangalia akienda kwenye ushoroba. Mguu wake wa kushoto unapiga nje kidogo, kisigino kinaingia ndani, kama mtu anayezima kijiti cha kiberiti kila hatua. Miaka yote nimeuona mwendo huo. Miaka yote niliuona, juu ya kitanda changu, na sikuujua ni wa nani.

Aprili 5
Ni yeye. Nimekuza picha mpaka imekuwa vidoa. Ni yeye.

Aprili 7, Jumapili
Nimekwenda kwa Ba'mdogo. Mvua ilinilowesha na sikukubali taulo. Nilimuuliza nikiwa nimesimama mlangoni.

Hakukana. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Ningepata mwongo kamili ningejua pa kumshika. Alikaa kitini, akapapasa magoti yake, akasema homa ilipopoa walikuwa wameshafika ng'ambo, watu wanamshangilia, wanambeba juu, na yeye hana hata nguvu ya kuongea. Alidhani angesema kesho yake. Kesho yake ikawa na kesho yake.

“Watu walihitaji mtu mmoja wa kumwamini,” akasema. “Hadithi ya wawili inachanganya.”

“Mtu mmoja alikuwepo, Ba'mdogo. Alikuwa anakimbia.”

Akaniuliza, kwa upole ule ule aliokuwa akinifundishia hesabu, kama nataka kumvua nguo uzeeni. Nikamwambia aliyevaa sifa ya mwenzake ndiye anayevuliwa. Akasema nitoke nje. Nikatoka. Nimefika nyumbani nikagundua nimekuja na mwavuli wake, nikautupa uani.

Aprili 8
Mama alijua. Walijua wote, watu wazima wote wa ukoo. Nimemuuliza aliwezaje kunyamaza akiiona ile picha juu ya kitanda changu kila siku alipotandika. Akasema nyumba iliyokusitiri hutoboi paa lake.

“Aliyekulea ndiye unayetaka kumwanika juani?” akaniuliza.

Nikamwambia aliyenilea ndiye aliyenifundisha kusema kweli. Jioni chakula nilikikuta kimefunikwa mezani peke yake.

Aprili 9
Hatuongei.

Aprili 10
Hatuongei. Mvua haikati. Nguo hazikauki, na ndani kote kunanuka uvundo.

Aprili 12
Mtandaoni nimefanya mambo mawili. Kwanza nimeifuta aya ya bonde, aya yangu nzuri. Kisha nimeandika kwenye majadiliano kwamba mimi ni binti wa kaka yake mkimbiaji, kwamba nililificha hilo, kwamba mtu niliyemwita mharibifu mara kumi na moja alikuwa anasema kweli, na kwamba sistahili kuushika tena ukurasa huu.

Kisha nimekwenda kwa Mganga Mkuu kumwambia asichonge. Akanisikiliza akizungusha kalamu. Akauliza kama nina ushahidi wowote wa maandishi. Sina. Akasema basi, binti, huo ni uvumi wa chumba cha kufulia. Maneno yangu mwenyewe ya mwezi uliopita yamenirudia yakiwa yamevaa tai. Nimetoka nikiwa na hasira naye, na nusu ya hasira ile haikuwa yake.

Nimemwomba radhi Mama Mashuka. Alikuwa anapiga pasi. Akasema amesikia, nimpishe, mvuke unaunguza.

Aprili 20
Ba'mdogo amezungumza redioni leo asubuhi. Habari za majadiliano ya mtandaoni zilikuwa zimemfikia mtangazaji. Tulisikiliza tukiwa benki ya damu, wote, mikono imesimama. Akasema, kwa ile sauti yake ya baba wa watu wote, kwamba hakuna anayefanikiwa peke yake, na kwamba hata yeye njiani alikuwa na msaidizi, mama mmoja mwema aliyemfulia nguo.

Aliyemfulia nguo!

Nilivua glavu nikaenda moja kwa moja chumba cha kufulia. Redio ya Mama Mashuka ilikuwa imezimwa. Kufikia jioni kituo cha redio kilikuwa kimeyaweka maneno ya Ba'mdogo kwenye tovuti yake, na kwa hiyo sasa uongo una chanzo. Mtu fulani ameshauongeza kwenye ukurasa: “akisaidiwa na mwanamke aliyemfulia.” Siwezi kuufuta, nimejiondoa mwenyewe.

Nilipoingia kule kufulia, Mama Mashuka alikuwa ameukalia mlima wa mashuka machafu, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nilitegemea machozi. Uso wake ulikuwa mkavu na mgumu kama ukucha.

“Miaka ishirini na miwili nilimwachia,” akasema. “Ilikuwa sadaka. Sasa ameichukua kama haki. Huyo mwandishi wa gazeti unayemjua, mlete.”

Sikuwa nimemwambia kwamba namjua mwandishi wa gazeti. Hospitali haina siri, ina mashuka.

Aprili 26
Mwandishi amekuja. Mwanamke mkali, haandiki neno asilouliza mara mbili. Amemhoji Mama Mashuka saa tatu nzima. Mwisho akasema anamwamini, lakini imani haichapwi. Nani mwingine alimwona usoni? Mama Mashuka akafikiri, akasema labda muuguzi wa zahanati ya ng'ambo, kama yu hai.

Mei 3
Yu hai! Amestaafu, analea wajukuu. Mwandishi amemfuata huko huko, barabara ya tope. Muuguzi hakungoja hata amalize swali. Alisema siku ile alimwingiza mkimbiaji ndani, akamvua kofia ya koti ili amkaushe kichwa, akakuta ni mwanamke, amesuka nywele, midomo imegeuka rangi ya zambarau. Na katika ambulansi alimkuta mwanamume anaweweseka. Aliwahudumia wote wawili. Baadaye aliona magazeti akashangaa, akadhani wakubwa wana sababu zao.

Mei 6
Mama ameniuliza kama gazeti litamtaja marehemu baba yangu. Nikasema hapana. Ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza mwezi huu.

Mei 11, Jumamosi
Imetoka. Ukurasa wa tatu, picha ileile, lakini safari hii chini yake kuna majina ya Mama Mashuka, yote matatu. Mlinzi wa getini ameubandika ukurasa kwenye kibanda chake. Mfamasia amenunua nakala tano. Mama Mashuka mwenyewe ameagiza asiitwe kutoka kazini kwa upuuzi wa magazeti.

Mchana mkabidhi ameandika upya sehemu ya bonde. Aya yake ni kavu, haina mvua wala malori. Inasema tangu siku ya ishirini na saba hadi ya thelathini mbio zilikimbiwa na fulani binti fulani, kilomita mia moja na kumi na mbili, na mwishoni imetaja gazeti. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma yangu.

Mei 13
Ba'mdogo amemtuma mtu kuchukua mwavuli wake.

Mei 18, Jumamosi
Jengo limefunguliwa. Mvua imegoma kunyesha kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Mganga Mkuu alikuwa amekizuia kibao cha jiwe kisichongwe, na ukutani kuna jina la benki ya damu tu na tarehe. Katika hotuba yake hakulitaja suala lenyewe hata kwa mbali, kama mtu anayeruka dimbwi akiwa na viatu vipya. Ba'mdogo hakuja. Mama alikuja, akakaa nyuma, na Mama Mashuka alipopita na aproni yake Mama alisimama akampisha kiti. Mama Mashuka alikaa dakika kumi, akapiga makofi yanapopigwa, akarudi kwenye kazi yake.

Mei 20, Jumatatu
Saa saba nimemkuta Mama Mashuka mbele ya kompyuta, miwani puani, amekunja uso. Nikamuuliza kuna nini tena.

“Mia na kumi na mbili,” akasema. “Si kweli. Ni mia na kumi na saba.”

Nikamwambia mwandishi alipima kwenye ramani, kutoka mwanzo wa bonde hadi zahanati. Akasema ramani haikukimbia. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la aproni muda mrefu.

Siku ya tatu ambulansi ilinasa kwenye tope. Dereva akamwambia atangulie, atamkuta. Akatangulia kama kilomita mbili na nusu, peke yake ndani ya maji ya magoti, kisha akaanza kuwaza kwamba Ba'mdogo amelala kule nyuma na labda amekufa. Akageuka. Akarudi njia yote, akamkuta anapumua, akamwekea mkono kwenye paji la uso, akamvuta shuka mpaka shingoni. Ndipo akaanza upya. Jumla tano, kwenda na kurudi.

“Hajui,” akasema. “Alikuwa hajitambui. Na tangu siku ile ya redio kila siku najiuliza nilirudi kwa nini.”

Nilitoka nje nikasimama barazani penye jua. Nilikuwa na hasira ya kuvunja kitu. Nikarudi benki ya damu nikampigia Ba'mdogo, na nadhani alipokea kwa sababu nilitumia simu ya ofisi na hakuijua namba. Sikumsalimia. Nikamweleza habari ya zile kilomita tano kama nilivyoelezwa, bila kuongeza chumvi, nikangoja akate.

Hakukata. Nilisikia kiti chake kikilia.

“Mkono ulikuwa wa baridi,” akasema. “Umelowa. Nilidhani niliota.”

Nikamwambia hakuota, na kama anataka uhakika, mwenye mkono yupo chumba cha kufulia mpaka saa tisa na nusu. Ukutani ilikuwa saa nane kasoro dakika tano.